Kwenye Sizoni Hakukuwa na Kamba

Siku hiyo tulikuwa sita ndani ya nyumba yangu. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume anayenifuata, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, na mke wake, wifi yangu, aliyekuwa anachambua mbegu za dengu kwenye ungo. Alikuwepo mdogo wetu wa mwisho, binti aliye chuo cha ualimu, ambaye alikuja likizo na ndiye aliyeleta flashi. Alikuwepo bibi yetu mzaa mama, juu ya mkeka, miguu ameinyoosha. Na alikuwepo mtoto wa mdogo wangu, wa miaka miwili, aliyelala mapajani mwa bibi mwanzo hadi mwisho. Nawataja wote kwa sababu baadaye kila mmoja, ukimwondoa huyo aliyelala, alitaka kusema kwamba hakusikia vizuri.

Ilikuwa Jumapili, kama saa tisa mchana. Kijiji chetu kiko upande wa Lagangabilili, na mwezi ule mvua zilikuwa zinaaga, udongo mweusi wa mbugani bado unanata kwenye viatu. Televisheni ni yangu. Ni ndogo, inatumia sola, niliinunua baada ya msimu mmoja wa pamba uliokubali. Tulikuwa tunaangalia sizoni ya wafu wanaotembea, ile iliyotafsiriwa, ambayo mtafsiri anaongea juu ya sauti za waigizaji na kuongeza maneno yake mwenyewe. Vijana wa mjini Bariadi wanaiuza kwa kukuwekea kwenye flashi.

Habari yenyewe ni hivi. Dunia imeharibika, wafu wanainuka na kuuma watu. Kundi la watu wachache linaishi ndani ya kiwanda cha zamani cha unga, wamezungushia waya na kuweka geti. Kiongozi wao ni mwanamke, mtafsiri amempa jina la Mama Mwenyekiti. Siku moja geti linakutwa wazi, wafu wameingia, mume wa Mama Mwenyekiti ameumwa na amekufa. Ufunguo wa geti unakutwa ndani ya begi la mtu mmoja aliyejiunga nao mwisho, ambaye mtafsiri anamwita Mgeni. Mgeni analia, anaapa. Mama Mwenyekiti anaamuru atolewe nje ya waya, mikono imefungwa, na geti lifungwe nyuma yake.

Hapo ndipo tulipokuwa tumefika juma lililopita. Jumapili hiyo sehemu ilianza na watu wa kiwandani wanakula. Mara mtoto mmoja ananyoosha kidole kwenye waya. Mgeni amerudi. Koti lake lile lile la njano, uso umeoza upande mmoja, vidole vimeshika waya. Hasemi kitu. Amesimama tu akiwaangalia wanaokula.

"Ndugu mtazamaji," mtafsiri akasema, "huyo msukule ana njaa kuliko mgambo mwisho wa mwezi."

Tukacheka wote. Bibi hakucheka. Kiswahili cha bibi ni kidogo, sizoni nzima huwa anaiangalia kama mtu anayeangalia mvua, lakini neno hilo analijua. Akageuka kwa mdogo wetu wa mwisho.

"Amesema msukule?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona yule mwanamke anashika bunduki?"

"Anataka kumpiga."

"Msukule hapigwi," bibi akasema. "Msukule anarudishwa."

"Bibi, hawa siyo wale wa kwetu. Hawa wamekufa kabisa."

"Aliyekufa kabisa anatembeaje?"

Kwetu msukule ni mtu aliyechukuliwa kwa ushirikina. Watu wanazika kitu wakidhani ni yeye, kumbe yupo mahali, hasemi, anafanyishwa kazi za mtu mwingine. Ndugu zake wakijua, hawampi kisogo. Wanatafuta mtu wa kumrudisha, na akirudi wanamnywesha uji na kumwita kwa jina mpaka aitike. Mtafsiri alichukua neno la karibu tu, akalipachika kwa wazungu wake. Lakini kwa bibi neno lile lilikuja na mambo yake yote.

Kwenye skrini Mama Mwenyekiti alikuwa ameinua bunduki, hapigi.

"Piga, mama!" wifi yangu akasema, akapepeta ungo. "Alimuua mume wako huyo!"

"Na kama si yeye aliyefungua?" mdogo wangu wa kiume akauliza.

"Ni yeye," nikasema. "Ushahidi ulikutwa kwake. Ningekuwa mimi ningemtoa nje mara ya pili."

Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Kwa sababu nilikuwa nimeshawahi kumtoa mtu nje.

Itabidi nirudi nyuma. Baba alitangulia, mama akafuata mwaka uliofuata. Nilikuwa kidato cha pili. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka kumi na mitatu, wa mwisho alikuwa bado anabebwa mgongoni. Niliacha shule siku ya tatu baada ya matanga ya mama, sikumwambia hata mwalimu, niliacha tu kwenda. Baba alituachia nyumba ya tope, ekari chache za mbugani, na maksai wawili. Maksai wale ndio waliokuwa wazazi wetu. Nililima nao shamba letu, kisha nikawalimia watu wengine, nao wakatulipa mahindi au siku za palizi. Mdogo wangu alishika kamba mbele akiwaongoza, mimi nilishika jembe nyuma. Watu walicheka mwanzoni, msichana nyuma ya jembe la ng'ombe. Baadaye waliacha kucheka, wakaanza kuja kuomba zamu.

Kamba yenyewe aliisuka mama kwa katani, na mwishoni alishonea kitambaa cha buluu cha kanga yake ili isichanganywe na za watu.

Mwaka wa pili, mvua za kwanza ndio zinaanza, nilikwenda Bariadi kuchukua mbegu za pamba. Nikarudi jioni, zizi tupu. Mdogo wangu alikuwa amekaa chini analia. Akasema aliwapeleka maksai kunywa maji, akapitiwa na usingizi kivulini, alipoamka hawapo. Nilimshika kichwa nikamwambia asilie, ni mtoto, si kosa lake. Nakumbuka kabisa kwamba nilimshika kichwa.

Siku mbili baadaye kamba ya mama ilikutwa nyuma ya ua wa minyaa wa jirani yetu.

Jirani huyu hakuwa mtu wa pale. Alihamia kutoka mbali akiwa peke yake, kazi yake ilikuwa kutengeneza majembe ya ng'ombe, kunyoosha chuma na kubadilisha ncha. Maksai wetu waliwahi kuingia kwenye viazi vyake mara mbili, na mara ya pili alikuja mpaka kwangu akafoka: "Hawa ng'ombe wenu, siku moja mtawatafuta msiwaone!" Watu walisikia. Mimi nilisikia vizuri kuliko wote.

Sungusungu wakaitisha mkutano. Kwa msomaji asiye wa kwetu, hao ndio walinzi wa kijiji, wana kiongozi wao anayeitwa ntemi, na wanaume wote wanakaa chini kwenye uwanja mmoja. Nilisimama katikati, msichana wa miaka kumi na minane, kamba mkononi. Nikarudia maneno yake ya viazi. Waliniuliza: "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Waliniuliza tena kwa jina lake: fulani ndiye? Nikasema ndiye. Nikaapa kwa kaburi la mama.

Alitozwa mtamba mmoja, nikapewa mimi, naye akatengwa. Kutengwa kwetu hakuna kelele. Hakuna anayekupiga. Ila hakuna anayekusalimia. Ukifika kisimani wenye ndoo wanasubiri kando uchote uondoke. Mashine ya kusaga imeharibika ukifika wewe, ukiondoka imepona. Ukifiwa unachimba mwenyewe. Anayekusalimia anatozwa faini. Nilimwona yule mtu msimu mzima akipita njiani, anafungua mdomo kusema mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, kwa mazoea, kisha anaufunga. Alinyooka kama mti uliokauka umesimama. Watoto wangu, yaani wadogo zangu, niliwafundisha kuangalia pembeni. Mtamba wake nilimfunga kwenye zizi la maksai wetu, na kila nilipomkamua baadaye nilijisikia vizuri. Sifichi. Nilikuwa nalima kwa jembe la mkono, viganja vimepasuka, na kile kisasi ndicho kilikuwa kitu pekee kitamu siku nzima.

Baada ya mavuno alifungasha vyuma vyake akahamia Lamadi, ziwani. Nikasema moyoni: vizuri.

Miaka imepita kumi na mitano. Sikuolewa. Alikuja mtu mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Mkula, nikamwambia asubiri wadogo zangu wakue, naye akasubiri kidogo kisha hakusubiri tena. Sikumlaumu. Wadogo zangu walikua. Huyo wa kiume nilimtafutia shamba, nikasimamia mahari yake kama baba. Sasa turudi Jumapili ile, Mama Mwenyekiti bado kainua bunduki.

"Ni yeye," nikasema, "ushahidi ulikutwa kwake."

Mdogo wangu akasogeza kiti. "Dada, kamba mtu anaweza kuitupa uani kwa mwenzake. Haimaanishi kitu."

Wifi yangu akaendelea kupepeta. Mdogo wetu wa mwisho akasema, "Kamba gani? Ni ufunguo, kaka. Ulikuwa kwenye begi." Akacheka. "Umelala nini?"

Nilimgeukia mdogo wangu wa kiume. Alikuwa anaangalia televisheni lakini macho yake hayakuwa yanafuata kitu. Nimemlea yule mtu. Namjua anavyokuwa akiwa ameficha kipande cha nyama, akiwa ameanguka mtihani, akiwa amempenda mtu. Na mkao ule nilikuwa nimeuona mara moja tu, siku nilipokuta zizi tupu.

"Zima," nikamwambia mdogo wetu.

"Dada, ndiyo inafika patamu!"

"Zima."

Akaisimamisha, hakuizima. Mgeni akabaki ameganda kwenye waya na koti lake la njano.

"Uliitupa wewe," nikasema.

"Nini?"

"Ile kamba. Usinifanye mtoto. Uliitupa wewe."

Ungo wa wifi ukasimama. Kisha mdogo wangu akasema, akiwa anaangalia mikono yake:

"Baba mdogo ndiye aliniambia niitupe popote."

Baba mdogo ni mdogo wake baba. Alikuwa akija kwetu siku za mnada, anatuletea sukari. Alimwambia mdogo wangu kwamba mimi nitaolewa, na nikiolewa maksai watanifuata kwa mume, na yeye mtoto wa kiume atabaki ameshika mkia wa hewa. Afadhali wauzwe, kisha baba mdogo atamrudishia mitamba wawili kwa jina lake. Basi mchana ule, mimi nikiwa Bariadi, mdogo wangu aliwaongoza maksai wa baba hadi barabarani, akamkabidhi. Baba mdogo akafungua kamba ya mama kwa sababu ya kile kitambaa cha buluu, akaweka kamba yake. Akamwambia tupa hii. Mdogo wangu alirudi mbio, akaona mtu anakuja njiani, akairusha juu ya ua wa kwanza aliouona.

"Mitamba uliwapata?" nikauliza.

"Hapana."

Kwa kweli hata sijui kwa nini niliuliza hilo kwanza.

"Nilikuwa mtoto, dada. Nilikuwa na miaka kumi na minne."

"Ulikuwa na kumi na minne siku ile. Una ishirini na tisa leo. Hiyo katikati ulikuwa wapi?"

"Niliogopa."

"Uliniangalia nikilima kwa mkono."

"Niliogopa, nimekwambia."

"Ulinipaka mafuta ya ng'ombe kwenye viganja! Ulikuwa unanipaka mafuta, unajua!"

Wifi yangu akasema polepole, "Jamani, mtoto amelala." Mdogo wetu wa mwisho alikuwa analia, mkono umeshika rimoti. Bibi akauliza kwa Kisukuma kumetokea nini, na hakuna aliyemwambia. Baba mdogo alikufa mwaka jana. Nilipika kwenye msiba wake siku tatu, nilimlilia, nilichota maji ya kumwosha. Alinidanganya hadi kaburini, naye nilikuwa sina tena pa kumpata. Aliyebaki hai alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha plastiki.

Sitadanganya kuhusu siku zilizofuata. Nilimtaka mdogo wangu aumie. Ntemi wa sungusungu anaishi upande wa pili wa mashine ya kusaga, mwendo wa robo saa. Nilijua sentensi ya kusema, nilishawahi kuisema, ina maneno machache tu. Nilikuwa naamka nayo. Nilijiona nimesimama uwanjani, nikimwona na yeye akifungua mdomo kisimani na kuufunga. Kisha namkumbuka yule fundi wa majembe, kinywa kile kile, na utamu wote unageuka. Mimi ndiye niliyeapa. Mdogo wangu alitupa kamba tu. Jina la mtu nililitaja mimi, kwa kaburi la mama, huku kweli iko nyumbani kwangu inakula ugali wangu.

Juma la pili nikapanda gari kwenda Lamadi.

Haikuwa vigumu kumpata. Ukiuliza mzee anayechomelea nanga, wanakuonyesha. Siku hiyo hakuwa anachomelea, alikuwa ufukweni akigeuza dagaa waliotandazwa kwenye nyavu, pamoja na mama mmoja mnene mwenye kilemba. Amezeeka. Mabega bado yamenyooka vile vile.

"Mwadila," nikamsalimia.

Akaendelea kugeuza dagaa.

"Mwadila, baba."

"Mzee," yule mama akasema, "unasalimiwa wewe. Umekuwa kiziwi?"

"Huyu haruhusiwi kunisalimia," akajibu bila kuinua kichwa. "Atatozwa faini. Mwambie atazame pembeni."

Yule mama akanitazama, akadhani ni utani, akacheka kisha akaacha. Akachukua ndoo yake akasogea mbali. Nilipiga magoti pale pale kwenye mchanga wenye magamba. Nikamweleza. Nilimweleza yote, baba mdogo, kitambaa cha buluu, ua, sizoni. Alisikiliza akiwa ananyofoa nyasi kwenye dagaa. Nilipofika kwenye sizoni akauliza:

"Yule mwanamke alimpiga?"

"Sijui. Hatukuendelea."

"Hm." Akachambua tena. "Mtamba wangu alizaa?"

"Alizaa sana. Kizazi chake kipo. Nitakuletea, wote, na—"

"Nitamlisha nini ng'ombe hapa, dagaa?" Kwa mara ya kwanza akaniangalia. "Wewe binti ulikuwa unalima vizuri. Mistari imenyooka. Nilikuwa nakutazama nikasema huyu atafika mbali. Ncha ya jembe lako nilikutengenezea bure mara ya kwanza, unakumbuka?"

Sikuwa nakumbuka. Nilipoanza kukumbuka nikatamani asingesema.

"Nisamehe, baba."

"Hapa nikikusamehe nani anasikia? Hawa?" Akaonyesha ndege wa majini waliokuwa wanaiba dagaa. "Mimi ninachotaka ni kusalimiwa. Pale pale. Uwanja ule ule, watu wale wale waliobaki. Nije nisimame, wewe useme, kisha ntemi anisalimie na wote wafuate. Hilo tu."

"Nitasema si wewe. Nitaapa."

"Uliposema ni mimi ulitaja jina. Ukisema si mimi bila kutaja jina, watasema binti amezeeka, ameingiwa na huruma. Nitarudi huku nikiwa mwizi niliyehurumiwa." Akainuka, akafuta mikono kwenye suruali. "Taja aliyefungua zizi."

"Ni mdogo wangu."

"Najua. Umeshaniambia."

Hakuniaga. Nami sikuwa na haki ya kuagwa.

Niliporudi nilimwita mdogo wetu wa mwisho peke yake nikamwambia alichotaka yule mzee. Alikasirika kwa namna ambayo sikutegemea. "Dada, utamwua kaka. Ana watoto wawili. Watoto wake hawatasalimiwa shuleni. Yule mzee ameshaanza maisha yake kule, mpelekee ng'ombe watano yaishe."

"Hataki ng'ombe."

"Basi hataki kusamehe! Anataka kisasi, kama wewe ulivyotaka."

Nililifikiria hilo kwa siku nyingi. Inawezekana kweli anataka kisasi. Lakini bibi alikuwa amekaa pembeni akitwanga karanga, na sasa alikuwa ameshaelezwa. Akasema, bila kuacha kutwanga, kwamba mtu aliyepotezwa na kijiji anarudishwa na kijiji, na hawezi kurudishwa kwa jina la uongo, maana hataitika. Mdogo wetu akasema, "Bibi, ni filamu ile." Bibi akasema, "Nani anaongelea filamu?"

Nikaenda kwa ntemi. Si yule wa zamani, huyu ni mtoto wake. Nikaomba mkutano. Akasema watu wako mbugani, mkutano mpaka dengu zivunwe. Akaniita mayu, yaani mama, akauliza nina jambo gani, nani ameniibia. Nikasema sijaibiwa, nina salamu ya mtu. Akadhani natania.

Mdogo wangu alijua siku hiyo hiyo, kijiji ni kijiji. Kesho yake asubuhi nilikuta mtamba mweupe amefungwa kwenye nguzo ya zizi langu. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama nje ya ua, hakuingia.

"Nimelipa," akasema. "Mpelekee yule mzee. Niuzie na baiskeli kama haitoshi. Lakini usinisimamishe pale, dada. Nakuomba kwa mama."

"Usiape kwa mama. Mimi nilishaapa kwake, nikaharibu."

"Ungekuwa wewe ungekubali kusimama?"

"Mimi nitakuwa nimesimama. Nani amekwambia nitakaa? Mimi ndiye niliyemtaja."

"Watanitenga."

"Watatutenga wote."

Akaondoka bila kuangalia nyuma. Mtamba nilimpa maji lakini sikumwingiza zizini, na jioni nilimrudisha kwake nikamfunga kwenye mti wa mlangoni. Kesho yake alikuwa kwangu tena. Tulifanya hivyo siku nne, ng'ombe wa watu anatembezwa kama mgeni asiye na kitanda, mpaka wifi yangu akachoka akamweka kwa jirani.

Kitu kimoja nilikuja kukiona kwa kuchelewa. Asubuhi moja nilikutana na mdogo wangu wa kiume kisimani. Alinisalimia, nikajaza ndoo yangu nikaondoka. Njiani mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa amebeba ndoo nyingine, akaniuliza, "Hiyo ni ya ngapi?"

"Ya ngapi nini?"

"Salamu usiyoitikia. Mimi nimeshahesabu mpaka nimechoka. Umeshamtenga tayari, dada. Mkutano wa nini?"

Maji yalinimwagikia begani. Nilikuwa sijui. Nadhani nilikuwa sijui. Nilikuwa nimemtoa nje ya waya peke yangu, bila ntemi wala uwanja, na nilikuwa nimekula chakula changu kila siku huku yeye ameshika waya anatuangalia.

Jana asubuhi alipita mbele ya nyumba akiwa na jembe begani, anakwenda kwenye dengu zake. Akasema kwa mazoea, hakusimama, hakutegemea kitu:

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka," nikasema.

Akasimama. Jembe likateleza kidogo begani, akalirudisha. Sikumsamehe, na sikumwambia nimemsamehe. Ndani bado kunawaka, nikimwona viganja vyangu vinauma kama vile ni jana.

"Dengu zinakaribia," nikamwambia. "Wakishavuna nitakwenda Lamadi kumchukua mzee. Atafikia hapa kwangu, mkeo atampikia. Halafu tutakwenda wote watatu uwanjani, kwa miguu, watu wakituona. Nitataja jina langu kwanza. La kwako litafuata."

Alitazama upande wa mbugani, ambako dengu bado zilikuwa na kijani chini ya majani. Kisha akaendelea na njia yake, na mimi nikabaki mlangoni nikiangalia kama mistari ya dengu zake imenyooka.

Flashi bado iko kwenye televisheni. Hakuna aliyeigusa.